Ng'ombe wa Rael Katika Boma Langu

Mama Chelangat, rafiki yangu,

Ng'ombe wako amekufa. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo desturi inavyotaka: aliyewekewa ng'ombe hangoji kuulizwa, anapeleka habari mwenyewe, na iliyo mbaya inatangulia. Alivunja ua asubuhi ya Alhamisi, mwisho wa Januari, akala majani mabichi yenye umande mpaka tumbo likavimba. Nilimnywesha mafuta ya kupikia, nikamtembeza, nikamkanda ubavu kwa mikono yangu miwili. Fundi wa mifugo alipofika alinikuta nimeketi chini kando yake. Amekuachia watoto watatu: mitamba wawili na ndume mmoja. Mtamba mkubwa ulimwona mwenyewe, hao wengine wamezaliwa wewe umeshalala.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana ndicho tulichofundishwa kuandika, tukigawana dawati moja na raba moja, na hiyo raba ulikuwa unaitafuna. Kipsigis changu kwenye karatasi hakisomeki hata na mimi. Tena huyu mume wangu, Baba Kiprono, hukisoma Kiswahili polepole sana, akifika ukurasa wa pili macho yamefumba. Niko kwenye kituo cha majani ya chai, nimeketi kando ya kikapu changu, lori la kiwanda limechelewa kama kawaida. Wenzangu wamekaa upande ule wa ukuta, wanapiga gumzo. Zamani wangenipisha nafasi katikati. Nitakueleza.

Unakumbuka tulivyomleta? Miaka mitatu ulichuma majani kwenye yale mashamba makubwa ya Kericho, pesa ukizificha ndani ya debe la mahindi, maana Baba Chelangat angezinusa hata chini ya jiwe. Tukaenda Londiani mimi na wewe, ukanunua mtamba wa gredi, ng'ombe wa maziwa, kwa yule mama mjane, tukarudi juu ya lori la viazi, tumeketi kwenye magunia, wewe umeshika kamba kana kwamba ng'ombe anaweza kuruka. Tukamwita Londiani kwa sababu hatukuwa na akili ya kutafuta jina lingine. Hakufika kwako hata siku moja. Alishukia kwangu.

Kimanagan, walisema wazee. Mtu mwenye ng'ombe wengi aliwatawanya kwa marafiki ili ugonjwa au wezi wasimmalize kwa siku moja. Maziwa na mbolea ni vya anayechunga, ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa ngozi inarudishwa kwa mwenyewe ili ajue hakudanganywa. Wewe ulikuwa na mmoja tu, na ugonjwa wako ulikuwa mume. Ulimwekea binti yako Chelangat huyo ng'ombe, awe karo yake atakapofika kidato cha kwanza. Zamani jambo hilo lilifanywa mbele ya mashahidi. Sisi hatukutaka shahidi. Tukakubaliana kusema nimempata kwa kikundi cha kina mama, na jinsi tulivyocheka siku ile, Rael, tukajiona wajanja kuliko wanaume wote wa Bomet.

Baba Kiprono wakati huo alikuwa kiwandani Kericho, anakuja mwisho wa mwezi na mkate na gazeti la wiki iliyopita. Nilimwambia vile vile: kikundi. Akafurahi. Aliporudi nyumbani kabisa alimkuta Londiani bomani, akamjengea kibanda, akamzoea. Uongo ule mdogo ulikuwa wetu sisi wawili. Wewe ulipokufa uongo ukabaki na mimi peke yangu, na nikagundua hauna mlango wa kutokea.

Jioni ulikuwa unapita kumwona, ukisingizia kuomba chumvi. Ulikuwa unashika chuchu mwenyewe, unakamua, na siku moja ulisema neno ambalo sikulitilia maanani. Ulisema, hata huyu si wangu, Mama Kiprono. Mungu ameniwekea mimi, mimi nimekuwekea wewe, wote tunakunywa maziwa ya Mwenyewe. Mimi nilikuwa nafikiria kama unga utatosha.

Baada ya kukuzika, mambo yangu yalinyooka. Lazima nikuambie, hata kama naona haya. Mbolea ya Londiani niliimwaga kwenye chai, chai ikatoa chipukizi mpaka nikashindwa kuchuma peke yangu. Maziwa ya asubuhi niliyauza dairy, ya jioni nikayatia kwenye kibuyu yakaganda yakawa mursik ya kuuza. Tukaezeka mabati. Tukaweka tangi la maji. Mchungaji mpya alikuja mwaka huo huo, kijana mwenye suti na sauti, akihubiri kwamba Mungu ni tajiri na haiwezekani watoto wake watembee na viatu vilivyotoboka. Alikuwa anawaita watu mbele watoe ushuhuda wa walivyoinuliwa. Akaniita mimi.

Nilisimama, nimevaa leso mpya, nikasema: Mungu amenipa ng'ombe. Watu wakasema amina. Ningeweza kuongeza maneno machache tu, kwamba nachunga, kwamba ni wa Rael. Lakini amina ile ilikuwa tamu, nikaketi. Mwezi uliofuata wakanifanya mwenyekiti wa kina mama. Mchungaji akawa ananionyesha kwa kidole kila akifika kwenye habari za baraka, mwangalieni Mama Kiprono, na mimi nainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nilipenda, Rael. Sitakudanganya wewe. Nilikuwa napenda mpaka nafua leso ile Ijumaa ili ikauke mapema.

Shukrani pia inaweza kuiba. Ukimshukuru Mungu mbele za watu kwa kitu cha jirani, umemfanya Mungu shahidi wako wa uongo, na ni nani atakayembishia Mungu?

Na Chelangat je? Alikuwa anakuja Jumamosi kunichumia chai. Ana mikono yako, anachuma majani mawili na chipukizi bila kuangalia, anapita mstari mzima mimi bado natafuta pa kuanzia. Jioni nilikuwa nampa chupa ya maziwa juu ya malipo yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akishukuru, kongoi, Mungu akubariki mama. Ng'ombe wa mama yake yuko pale nyuma anamtazama akicheua. Kila Jumamosi nilisema wiki ijayo nitamwambia. Hesabu mwenyewe Jumamosi ni ngapi katika miaka miwili.

Matokeo ya mtihani yalipotoka alikuwa wa kwanza katika wasichana wa shule yake. Barua ya kuitwa shule ya bweni ikaja. Na wageni nao wakaja kwa baba yake, mara mbili, watu wa kuelekea Siongiroi wanaofanya biashara ya mifugo, wakanywa chai, wakamuulizia msichana. Baba Chelangat alisema hadharani kwamba karo hana, lakini mkwe anaweza kupata. Chelangat alikuja kwangu na barua ile ndani ya kitabu cha nyimbo, isikunjike, akaniuliza kama kanisa husaidia watu.

Nilikuwa nimebanwa kila upande. Nikimwambia baba yake, ng'ombe wote wanaishia kwenye pombe kabla ya wiki mbili. Nikimwambia mume wangu, nimemdanganya miaka yote hii chini ya paa lake. Nikiliambia kanisa, mimi ni nani tena? Nikinyamaza, mtoto wako anaolewa na mzee wa Siongiroi mwenye meno matatu. Nikamjibu tutaomba. Yule mtoto alishukuru hata kwa hilo.

Jumapili iliyofuata Baba Kiprono alisimama mwenyewe, bila kuniuliza, akaahidi ndume kwa ajili ya ibada ya mavuno. Angepigwa mnada nje ya kanisa, pesa ziezeke upande wa kanisa uliobaki. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akafunga macho kwa furaha. Ndume wako, Rael. Nilipiga makofi na mimi, kwa sababu mikono ya wengine yote ilikuwa inapiga.

Siku nne baadaye ndipo Londiani alipokufa.

Wanaume walimchuna. Baba Kiprono akasema ngozi ni nzuri, apelekewe mnunuzi pale Bomet. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa jinsi alivyojua yeye. Mimi nilikuwa naitazama ile ngozi imelala kwenye nyasi, na nikajua kwamba nikiacha iuzwe nimemaliza, hakutakuwa na siku nyingine ya kusema. Maneno nilikuwa nimeshindwa nayo miaka miwili, lakini ngozi inabebeka. Nikaikunja ingali mbichi, nikajitwika, damu ikanichuruzikia mgongoni kwenye leso ile ile ya ushuhuda, nikashuka bondeni mchana kweupe nikapanda kwenu. Kwenye kituo hiki hiki wanawake waliinuka kunitazama nilipopita.

Mume wako hakuwepo. Chelangat alikuwa anafua, akadhani nimemletea ngozi ya kukalia. Ni kogo, mama mkwe wako, aliyetoka jikoni, akaitazama, akanitazama mimi, na yule mama ambaye watu husema amesahau hata siku za wiki hakuhitaji maelezo. Akasema, "Ngozi hairudi mahali ambapo ng'ombe hakutoka. Ilikuwa ya nani hapa?" Nikasema ya Rael. Akaketi juu ya kigoda. Akauliza kama ng'ombe alizaa. Nikasema watatu. Chelangat alikuwa bado ameshika nguo yenye povu, anatuangalia sisi wawili, na mimi sikuweza kumwangalia.

Kogo aliniambia nirudi nyumbani, yeye ataitandaza ngozi ikauke. Habari ikafika kwangu kabla yangu. Baba Kiprono hakunipiga, hajawahi, unamjua. Aliuliza jambo moja tu, kama kile kikundi kilikuwepo. Nikasema hakikuwepo. Akachukua redio yake akahamia kwenye chumba cha mwanetu Kiprono.

Jumamosi mchungaji alikuja. Nilimtengenezea chai na hakuinywa. Usimchukie, Rael, paa linavuja na wazee wanamdai yeye. Aliniambia ushuhuda wangu umejenga watu wengi, wengine wamerudi kanisani kwa sababu yangu, na nikiubomoa nitawabomoa na wao. Akasema mnada ufanyike, mambo ya familia yataongewa baadaye polepole. "Mama, sisemi udanganye," akasema. "Nasema tu usiongee kesho." Alikuwa ananisihi, jasho limemtoka kwenye pua, na nilimwonea huruma kweli. Nikamwambia nitaomba juu ya jambo hilo. Hilo ndilo jibu langu la kila kitu, umeliona.

Ibada ya mavuno ilijaa. Magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na ndume wako nje amefungwa kwenye mkaratusi, watoto wamemvisha maua. Watu walipotoka nje kwa mnada, mwalimu aliyekuwa anauongoza aliniita nimkabidhi, kwa kuwa mimi ndiye mama mwenye baraka. Nilishika kamba. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu yenye mistari, yote ikapotea. Nikasema, "Ndume huyu si wangu, na si wa Baba Kiprono. Mama yake aliwekwa kwangu na Rael. Mimi nilisimama hapa nikawaambia Mungu amenipa, na nilikuwa nachunga tu."

Kuna mtu alicheka, akidhani ni mwanzo wa mzaha. Mchungaji akasema mama amechoka, tuimbe. Ndipo kogo, ambaye hajakanyaga kanisa lile tangu lijengwe, akainuka nyuma kabisa na fimbo yake. Akasema kwa Kipsigis, na aliyesimama karibu nami akawatafsiria wageni: "Ngozi niko nayo. Anasema kweli, ingawa amechelewa." Halafu akaongeza kwamba ng'ombe wa nyumba ni wa nyumba hiyo, wa Rael ni wa watoto wa Rael, na kama mwanawe anabisha aje ambishie yeye. Hapo ndipo watu walipoamini. Mimi sikuaminiwa, ni ngozi iliyoaminiwa, na mama mkwe.

Nikupe habari iliyobaki. Baba Chelangat alikuja Jumatatu na maneno mengi. Alimchukua ndume, hakuna aliyeweza kumzuia, akamuuza Siongiroi, na unajua zilikoenda. Mitamba hakuwapata, kogo alikuja kulala bomani kwangu siku tatu, kwenye majani ya ng'ombe, amejifunika blanketi, mpaka mwanawe akachoka kuja. Mtamba mkubwa, mwenye mimba, tumemuuza kwa mwalimu mkuu mmoja wa huku juu anayefuga, mbele ya wazee wawili wa kanisa, na karo ya Chelangat imelipwa na sanduku limenunuliwa. Wale wa Siongiroi hawajarudi. Mdogo bado yuko kwangu. Nilitaka kumrudisha huyo mtamba, kogo akakataa, akasema nani mwingine atamchunga, mwizi aliyekwisha kujitaja ni afadhali kuliko yule ambaye bado. Kwa hiyo bado nachunga. Hata hiyo sikuruhusiwa kuacha.

Kanisa linavuja upande wa wanaume, na mvua ikinyesha wananigeukia wote. Mwenyekiti wa kina mama ni mwingine. Kwenye kituo wananiita yule wa ng'ombe wa marehemu. Baba Kiprono anakula chakula changu, lakini akitaka chumvi anamwambia paka. Najua nimefanya lililo haki na sijisikii huru hata kidogo. Nilidhani ukisema kweli mlango unafunguka. Mimi nimekuta chumba kingine.

Na sababu naijua. Liko jambo ambalo sikulisema mbele ya kanisa, na hakuna ngozi ya kulithibitisha.

Nilimsindikiza Chelangat siku ya kuripoti. Baba yake hakuja. Mimi nilibeba sanduku, yeye godoro. Karibu na lango la shule aliniambia, bila kulia, kama mtu anayesema saa ni ngapi: "Mama alijua anakufa, na hakuniachia hata neno moja." Halafu akanishukuru kwa kumwambia habari za ng'ombe. Nikampa sanduku. Nikarudi nyumbani.

Ulikuwa umelala kitanda cha pili kutoka dirishani, kule hospitali ya Longisa, siku mbili kabla. Chelangat alikuwa ameketi miguuni pako, amesinzia. Ulifungua macho ukamwita. Usingizi ulikuwa umemlemea, hakusikia, nawe ukaendelea, Chelangat, kuna kitu nimekuwekea kwa. Ulifika hapo. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakitia mdomoni mwako nikasema kunywa kwanza, usijichoshe, mtaongea kesho. Ulinitazama juu ya kikombe. Ulinitazama sana. Halafu ukanywa, kwa sababu ulikuwa rafiki yangu na mimi ndiye niliyeshika kikombe.

Nimejiambia kila siku kwamba nilikuwa nakuhurumia. Kuna huruma, ndiyo, ilikuwepo. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimetoka kukamua, na nilipokuwa nakamua nilikuwa nimekwisha kufikiria mabati.

Wewe uliona. Sihitaji kukueleza, nahitaji tu kusema kwamba najua uliona.

Lori linapiga honi kwenye kona, wamesimama wote na vikapu vyao. Lala, Rael. Kongoi kwa maziwa, kwa chai iliyokolea, kwa miaka ya raba iliyotafunwa. Mtamba wako ana afya, amepelekwa josho juzi, na akizaa nitakuja kaburini nikuambie kama ni jike au dume.

Na Chelangat akifunga shule mwezi wa nne, kabla hajala, kabla hajaniambia kongoi tena, nitamketisha nimwambie kwamba mama yake alimwita kwa jina na alikuwa anaanza kusema, na kwamba mkono uliomzuia ni huu.

Aliyekuchungia,
Mama Kiprono